Mazeze ya kugawa: shajara ya kazi kutoka Dodoma

Mradi huu una sharti moja: zeze likikamilika halilali kwangu, linatoka na mtu. Siuzi. Natengeneza jioni na mwisho wa wiki uani kwangu Nkuhungu, kwa vitu vinavyopatikana mjini hapa: kibuyu, ngozi ya mbuzi, mabaki ya mninga na waya wa breki ya baiskeli. Naandika ili anayetaka kuiga aige, na ili sehemu zilizogoma kwangu zisimgomee na yeye. Hatua nyepesi nitazipita haraka.

Umbo ni la zeze la Kigogo: kibuyu kilichofunikwa ngozi, mpini uliopenya kibuyu ukatokea upande wa pili, nyuzi zinazopita juu ya ngozi, na uta wa kusugulia. Mengi ya vijijini yana nyuzi mbili. Marehemu Hukwe Zawose, mzaliwa wa Doduma aliyelibeba zeze la Wagogo hadi majukwaa ya ng'ambo, alipiga pia yenye nyuzi nyingi zaidi ya hapo. Mimi nimechagua nne. Sababu iko kwenye maelezo ya Oktoba.

Vipimo ninavyofuata: mdomo wa kibuyu sm 20, mpini sm 75, sehemu ya uzi inayolia sm 54. Hiyo 54 msiibadilishe ovyo, inarahisisha hesabu mbele.

19 Mei 2024: Vibuyu

Mvua zimekwisha, vibuyu vimeanza kuingia sokoni. Nimenunua vitano pale Majengo, 3,000 hadi 4,000 kimoja kulingana na ukubwa. Muuzaji anajua wateja wa maziwa na wa pombe tu, kwa hiyo alinichagulia vyembamba vyepesi. Kwa maziwa vinafaa, kwa zeze havifai. Kibuyu cha zeze kiwe na ganda nene, angalau mm 5. Huwezi kukikata sokoni ukaone ndani. Kipime mkononi, viwili vya ukubwa sawa chukua kizito. Lakini hakikisha kimekauka, maana kibichi nacho ni kizito. Kitikise: mbegu zikicheza ndani, kimekauka.

Kukata: msumeno wa chuma wenye meno madogo, polepole. Kukwangua ndani: lowesha kwanza. Vumbi la kibuyu ni chungu na linashika kifua, funga kitambaa puani.

9 Juni 2024: Mpini

Mpini wa kwanza ulikuwa wa mwarobaini uliokatwa karibuni, kwa kuwa mti ulikuwepo na ulikuwa bure. Ulichongeka vizuri kabisa. Kisha kiangazi cha Dodoma kikaunyonya maji na ukajipinda, na hapo haujafungwa hata uzi mmoja. Nimeuweka kwenye kuni.

Mbadala ni mninga. Mafundi samani wanatupa vipande vya upana wa vidole viwili ambavyo kwao ni takataka. Kimoja nimepewa kwa 2,000 na vingine viwili nikaongezewa. Mninga uliokauka hautembei sana hata hewa ikibadilika, ndiyo maana mafundi wanaupenda kwa milango. Unakatika laini kwa tupa na harufu yake inajaza ua mzima.

Tundu la mpini kwenye kibuyu: toboa kwa chuma cha moto, usitumie keekee. Keekee inachana ganda. Tundu la kuingilia na la kutokea yakae usawa mmoja, sm 2 chini ya mdomo, ili mpini usiguse ngozi.

30 Juni 2024: Ngozi, na kibuyu kilichopasuka

Hii ndiyo hatua iliyokula muda kuliko zote.

Ngozi mbichi ya mbuzi machinjioni ni 2,000. Kenge sijagusa wala sitagusa: fidla nyingi za Afrika Mashariki zilifunikwa ngozi yake, lakini mnyamapori analindwa na sheria ya mwaka 2009, na mbuzi anatosha kabisa. Loweka kwenye maji ya majivu mpaka manyoya yang'oke kwa kidole, kwangua nyama iliyobaki, suuza. Mpaka hapo ni kazi ya mikono tu.

Ngozi ya kwanza nilibana kwa misumari midogo pembeni mwa mdomo, nikaweka juani ili ikauke upesi. Misumari ilianzisha nyufa. Ngozi ikaanza kukaza. Ngozi mbichi inapokauka inajikunja kwa nguvu ambayo mtu hatarajii. Jioni mdomo wa kibuyu ulikuwa umevutwa ukawa wa yai, na ufa umeshuka mpaka kitako. Kibuyu na ngozi vyote vimepotea, 5,000 imekwenda.

14 Julai 2024: Namna iliyokubali

Misumari imeondoka. Ngozi sasa inafungwa kwa kamba. Chini ya kibuyu nimevika pete ya waya mnene wa ujenzi, nikaizungushia kitambaa isikwaruze. Ngozi imetobolewa pembeni, na kamba ya katani inapita kutoka tundu la ngozi kwenda kwenye pete, inarudi juu, inashuka tena, kuzunguka kibuyu chote. Nguvu ya ngozi inagawanyika pande zote badala ya kuvuta sehemu moja. Ikikaza mno unalegeza kamba, ikilegea unakaza. Kwa namna hii hata kibuyu cha wastani kinastahimili.

Kukausha ni kivulini, ndani, mbali na upepo. Julai hapa upepo ni mkali na mkavu, unaweza kufanya ubaya uleule wa jua. Mimi nafunika kwa gunia lenye unyevu siku ya kwanza, kisha naliondoa.

Adui wa pili alikuwa wadudu. Ngozi iliyokwisha kukauka vizuri ilikutwa na vitundu, na ukigonga chini unga unadondoka. Sasa suuza ya mwisho naifanya kwa maji yaliyochemshiwa majani ya mwarobaini, na ngozi inalala humo usiku mzima. Tangu hapo sijaona kitundu. Panya hawajali mwarobaini. Dawa yao ni kutundika juu kwa waya.

11 Agosti 2024: Nyuzi

Waya wa breki ya baiskeli umesokotwa kwa nyuzi nyembamba nyingi. Ukiufungua, uzi mmoja una unene wa kama mm 0.3, unaokaribiana na uzi mwembamba wa gitaa. Waya mmoja wa 2,000 unatosha mazeze kadhaa. Fundi baiskeli wa mtaani kwetu ananipa hata zile zilizochakaa upande mmoja, kwa sababu mimi nahitaji chini ya mita kwa uzi.

Tatizo: uzi uliotoka kwenye msokoto unabaki na mawimbi. Ukiufunga hivyo unavuma na kukwaruza badala ya kulia. Nilijaribu kuunyoosha kwa koleo na ukavunjika. Nikaupitisha motoni, ukawa laini na ukapoteza mlio. Chuma hicho kinahitaji ugumu wake ili kilie, moto unauondoa. Kilichofaa ni uzito. Funga ncha moja kwenye boriti, nyingine kwenye dumu la maji, uache uning'inie usiku kucha, kisha uupitishe mara nyingi kwenye kitambaa kilichokunjwa huku ukibana kwa vidole. Vaa glavu, uzi unakata vidole.

Vigingi vya kukazia ni vya mpingo, vipande vya wachonga vinyago. Kwanza nilivichonga vya duara sawa mwanzo hadi mwisho, vikawa vinateleza kila nikikaza. Kigingi kiwe chembamba mbele na kinene nyuma, na tundu lake liwe hivyohivyo, ili kadiri unavyokisukuma ndivyo kinavyoshika. Paka chaki ya shule. Inatosha.

Kibanzi cha kunyanyulia nyuzi juu ya ngozi: mwanzi mkavu, kimo sm 1.5. Usikiweke katikati kabisa ya ngozi, mlio unakuwa bubu. Kisogeze kuelekea mkiani, yaani upande ambako mpini unatokea, mpaka theluthi ya ngozi, halafu hangaika nacho kidogo kidogo huku unapiga. Utasikia kikifika mahali pake.

8 Septemba 2024: Uta

Fimbo ya mkole, mbichi, imekunjwa na kufungwa mpaka ikauke. Mkole unakubali kukunjwa bila kuvunjika. Badala ya manyoya ya farasi ni nyuzi za mkonge, zilizochanwa nyembamba na kufungwa kwa pamoja bila kusokotwa.

Katani kavu haishiki waya, inateleza kimya. Nilianza na gundi ya mgunga kwa kuwa ni ya huku kwetu na nzuri kwa macho. Haikufaa hata kidogo: gundi ile inayeyuka kwa maji na ikikauka inaacha utelezi, haina meno. Kinachotakiwa ni utomvu wa paini. Dereva wa lori la mbao za Mufindi aliniletea kopo la utomvu mbichi kutoka kwa watu wanaovuna kwenye mashamba ya Sao Hill, akakataa hela, akasema zeze likilia nimpigie simu asikie.

Kuuandaa: sufuria kuukuu, nje ya nyumba, moto mdogo sana wa mkaa, mfuniko karibu wa kuzimia. Unawaka kwa urahisi, msifanye jikoni. Mvuke wenye harufu kali ukiisha, dondosha tone kwenye maji baridi. Likibanwa likavunjika kavu, tayari. Likivutika, bado. Chuja kwa kitambaa na umimine kwenye vifuniko vya soda.

Nilipopaka na kuvuta uta mara ya kwanza, kibuyu kililia. Sijui niandike vipi. Vitu vilivyokuwa vimelala uani tangu Mei, kila kimoja kimya, vikatoa sauti moja nene yenye mkwaruzo ndani yake, na watoto wa jirani wakatoka mbio kuja kuangalia mlangoni. Nilimpigia simu dereva. Alikuwa Mtera barabarani, akasimamisha lori asikilize.

29 Septemba 2024: La kwanza limeondoka

Nimempa fundi baiskeli. Aliligeuza, akaona waya wake, akacheka mpaka akakaa chini. Sasa wateja wakikosekana anapiga pale kibandani, na watu wanasimama hata kama baiskeli zao ni nzima.

La pili limekwenda kwa binti wa darasa la sita wa nyumba ya tatu, ambaye amekuwa akija kushika tupa. Mama yake alitaka kunipa chochote, kuku hata. Nimemwomba aruhusu mwanawe apige jioni bila kuambiwa anyamaze. Amekubali.

Nimewahi kutengeneza vitu vya kuuza. Havina raha hii. Ukimpa mtu chombo kinacholia, hachukui kitu tu: kesho yake kuna sauti mahali ambapo jana haikuwepo, na wewe unapita njiani unaisikia.

20 Oktoba 2024: Kukaza nyuzi

Nyuzi nne nilikuwa nazikaza kwa programu ya simu inayotumika kwa gitaa. Kioo kilionyesha kijani kote. Nikalipeleka Mvumi kwa babu mmoja anayepiga tangu ujana wake. Alipiga kidogo, akaliweka chini taratibu.

"Babu, lina kasoro?"

"Kasoro halina. Ila mwanangu, hizo sauti za kwenye simu zina wenyewe. Sikiliza uzi wako."

Akagusa uzi mmoja kwa ncha ya kidole bila kuukandamiza, akavuta uta, na sauti nyembamba ya juu ikatoka. Akasogeza kidole, ikatoka nyingine. Uzi unapoguswa nusu, theluthi, robo na kuendelea, unatoa mfululizo wa sauti zake wenyewe, na humo ndimo uimbaji wa Kigogo ulimokaa. Sauti ya saba kwenye mfululizo huo iko chini ya ile iliyo karibu nayo kwenye piano kwa karibu theluthi ya nusu toni. Programu ya simu kila mara inakuvuta uipandishe, na ukiipandisha nyimbo zinakuwa kama zimevaa viatu vya mtu mwingine.

Niliporudi nikatafuta namna ambayo hata mtoto anaweza kuifuata bila simu. Hii hapa, na ndiyo sababu ya nyuzi nne na ya sm 54. Uzi mmoja uwe mama, uukaze unavyotaka. Pima kutoka kwenye kibanzi na utie alama za kalamu ubavuni mwa mpini au pembeni mwa ngozi, popote zinapoangukia: sm 9 (sehemu ya sita), sm 7.7 (ya saba), sm 6 (ya tisa), na sm 6.75 (ya nane). Gusa uzi mama kwenye 9, na uzi wa pili kwenye 6.75, bila kukandamiza. Ukivuta, sauti hizo mbili ziwe moja. Kama si moja, kaza au legeza uzi wa pili. Uzi wa tatu, gusa mama kwenye 7.7 na wenyewe kwenye 6.75. Uzi wa nne, gusa mama kwenye 6 na wenyewe kwenye 6.75. Basi. Nyuzi nne sasa zimesimama kwa uwiano wa 6, 7, 8 na 9, mama akiwa wa 8.

Sauti hizi za juu ni nyembamba, kwa hiyo vuta uta karibu na kibanzi na utumie waya mwembamba. Kwenye mshipi wa kuvulia hazisikiki vizuri. Niliujaribu kwa uzi mzito nikautoa.

Nilirudi nalo Mvumi. Safari hii babu hakuliweka chini. Aliimba, mkewe akaitikia kutoka jikoni, na zeze hilo sikuondoka nalo.

12 Januari 2025: Mvua, na zeze lililotundikwa ukutani

Mvua imeingia na ngozi zote zimelegea. Kibanzi kinazama, nyuzi zinagusa mpini, mlio unakufa. Nilijaribu kupaka nta ya nyuki iliyoyeyushwa: unyevu ulipungua, na sauti nayo ikapungua, ngozi ikawa nzito. Kupaka mafuta ya kondoo kidogo sana upande wa nje kunasaidia bila kuua sauti. Lakini dawa kubwa ni ileile ya wapiga ngoma: sogeza karibu na mkaa kabla ya kupiga, ngozi juu, umbali wa mkono. Na niweke vibanzi viwili, kifupi cha kiangazi na kirefu cha masika.

Jambo zito zaidi nimeliona nilipopita kwa mtu niliyempa zeze Novemba. Limetundikwa sebuleni, linapendeza, limefutwa vumbi. Uzi mmoja ulikatika wiki ya kwanza. Hakujua aupate wapi wala aufunge vipi, na aliona aibu kuniambia kwa sababu alidhani ameharibu zawadi. Analipenda. Halilii.

16 Machi 2025: Namna mpya ya kugawa

Anayepewa sasa anakuja uani kabla zeze halijaisha. Anafunga ngozi na mimi, anafungua waya wa breki kwa mkono wake, anafunga uzi, anaukata makusudi, anafunga mwingine. Anaondoka na zeze, nyuzi za akiba zilizozungushwa kwenye kijiti, kifuniko cha utomvu, vibanzi viwili na kipande cha chaki. Alama za kukazia nazichoma kwa msumari wa moto zisifutike.

Imebadilisha hata utengenezaji. Gundi ya dukani nimeiacha kabisa. Kila kiungo ni cha kubana au cha kamba, ili kifunguliwe na kufungwa kijijini kwa kisu tu. Urembo wa rangi nao umetoka, kwa sababu aliyepewa anapenda kuchora wake.

Yule wa sebuleni amekuja pia, na zeze lake. Tulifunga nyuzi zote upya. Alikaa mpaka giza likaingia, na wiki iliyofuata akaja na mdogo wake, ambaye naye sasa ana la kwake.

22 Juni 2025: Gharama na kinachofuata

Kwa zeze moja hivi sasa: kibuyu 4,000, ngozi 2,000, mninga 2,000, msasa 1,500, katani na utomvu 1,000, sehemu yake ya waya 500, mkaa 500. Jumla 11,500. Mwenye kibuyu cha shambani na ngozi ya mbuzi wa nyumbani atatumia nusu ya hapo.

Msimu wa vibuyu umerudi. Nimepata kimoja cha mdomo wa sm 32, kizito, kutoka upande wa Bahi, na nataka kukipa nyuzi nane kwa ajili ya kwaya moja ya vijana Chamwino. Hofu yangu ni mpini: nyuzi nane zinavuta mara mbili, na kipande cha upana wa vidole viwili hakitatosha. Nimeagiza mninga wa vidole vitatu. Ngozi iko kwenye maji ya mwarobaini, na vijana wawili wa kwaya wanakuja Jumamosi kuifunga. Matokeo nitayaandika hapa, yakiwa mazuri au mabaya.